Mstari wa King'ora

3 Machi

Mkuu amenipa daftari hili lenye jalada gumu, akasema ni la kuandikia maendeleo ya kazi. Maendeleo ya kazi nitayaandika kwenye kompyuta, ambako atayasoma. Humu nitaandika yangu. Huu ni mwaka wa kumi na nne naandika miongozo ya mashine, na sijawahi kuona mwongozo wenye nafasi ya kusema kwamba leo mwandishi ameamka na kisirani.

Kazi yenyewe ni hii. Karakana yetu inatengeneza visanduku vya kupima maji ya mto. Kila kimoja kimekaa chini ya daraja lake. Maji yakipita alama, king'ora kinalia na watu wa bondeni wanahama. Viko kumi na kimoja. Programu zake lazima zijengwe upya kabla ya mvua, na maelezo ya namna ya kuzijenga yamo kwenye madaftari ya mhandisi aliyeondoka mwaka jana. Tunamwita Mtangulizi, kwa sababu kila swali hujibiwa "muulize aliyetangulia", naye hapokei simu. Ameacha kurasa mia na tatu za mwandiko wa mkono. Nimepewa wiki mbili kuzifanya zieleweke.

Mama aliniuliza wakati wa chai nimepewa kazi gani safari hii. Nikamwambia naandika maelezo ya madereva.

"Wanaendesha nini?"

Nikamweleza kwamba dereva kwetu ni kipande cha programu kinachoiwezesha mashine kutumia kifaa chake. King'ora kina cha kwake, kipimo cha maji kina cha kwake, betri ina cha kwake. Akafikiri kidogo.

"Na abiria je?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kwenye mwongozo nitaandika kiendeshi, watu wasije wakaanza kudaiana leseni.

5 Machi

Mtangulizi alikuwa mtu wa maneno. Jambo moja analisema, halafu anaweka "yaani", analisema tena, halafu anamalizia na onyo. Kalamu yangu nyekundu haipumziki.

Anayejenga programu ni mhandisi tunayemwita Kimya. Ana miaka kama thelathini, alioa mwaka juzi, na siku nzima inaweza kupita hujamsikia akisema neno zaidi ya "asante" na "kesho". Nilimwomba anieleze kazi yake kana kwamba mimi ni mgeni kabisa. Akasema kuna faili la usanidi, ambalo ni orodha ndefu ya sehemu za programu, na mbele ya kila sehemu kuna jibu moja tu, ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, sehemu ile inaingia kwenye toleo. Ukisema hapana, inaachwa nje. Ukishajibu zote, kompyuta inajenga toleo, nalo linapakiwa kwenye kisanduku.

"Na ukijibu vibaya?"

"Inajenga tu, dada. Yenyewe haijui wewe unataka nini."

9 Machi

Joto kali. Zimebaki kurasa sabini.

12 Machi

Kimya anasoma rasimu yangu kadiri ninavyoitoa, na leo amekuja mezani kwangu mara nne. Hapa umesema "baadaye", baadaye ya nini? Hii "ile ya kwanza" ni ipi? Mara tatu nilimjibu vizuri. Mara ya nne nilikuwa katikati ya sentensi iliyonitesa tangu asubuhi, na sikumwacha hata afungue kinywa.

"Kaka, soma kilichoandikwa. Mimi siandiki mafumbo."

Akasema asante, akarudi na karatasi yake. Baadaye nilijilaumu kidogo, si sana. Naandika kwa uangalifu, na mimi pia nina haki ya kusomwa kwa uangalifu.

17 Machi

Nimemaliza. Kurasa mia na tatu zimekuwa thelathini na nane. Mkuu alisoma zote akiwa amesimama, akasema, "Hata mimi nimeelewa," kisha akatia saini. Najua kilemba cha ukoka nikivikwa, na hiki hakikuwa hicho. Nimenunua karanga njiani nikala peke yangu nikitembea.

20 Machi

Matoleo yote yamejengwa bila kosa hata moja. Fundi wetu wa nje amevizungukia visanduku vyote kumi na kimoja, akapakia programu na kubonyeza kitufe cha majaribio kilicho ubavuni. Ving'ora vyote vililia. Aliporudi alikuwa amelowa. Mvua imeanza.

23 Machi

Mvua.

24 Machi

Mvua. Mama ameweka sufuria chini ya tundu la paa sebuleni, na anasema mlio wake unamsaidia kulala mchana.

2 Aprili

King'ora cha daraja la kwanza kimelia leo, na kutoka ofisini kilisikika vizuri. Watu walihama, maji yakapanda, yakashuka, watu wakarudi. Hakuna aliyepoteza hata sahani. Nilimtazama Kimya, naye akatabasamu, jambo ambalo si la kawaida yake. Nimejisikia vizuri mchana kutwa na sioni haya kuliandika.

5 Aprili

Mvua. Namba kutoka madarajani zinaingia ofisini kila dakika.

8 Aprili

Nimerudi sasa hivi, naandika nguo zikiwa bado zimelowa.

Mvua imenyesha milimani tangu jana. Saa tisa alasiri namba za daraja la tatu zilianza kupanda. Saa tisa na nusu zilikaribia alama. Saa kumi kasoro dakika kumi zikaipita. Mkuu alisimama akasema, "Sasa kinalia." Daraja la tatu liko mbali, king'ora chake hakisikiki ofisini, lakini sote tuliamini kinalia. Tulibaki tumesimama mbele ya skrini tukitazama namba zikipanda, na nakumbuka niliwaza kwamba kipimo kile kinafanya kazi barabara.

Saa kumi na robo simu ikaita. Alikuwa mtu wa mtaa wa bondeni, na hakusalimia.

"Mbona king'ora hakijalia? Maji yako ndani!"

"Kinalia," Mkuu akamwambia. "Kimeanza karibu nusu saa iliyopita."

"Kinalia wapi? Hebu sikia!" Akaitoa simu nje dirishani. Tulisikia maji, na watu wakiitana kwa majina, na mbwa. Tulisikiliza mpaka simu ikakatika.

Kimya alikuwa wa kwanza kuchukua koti. Tulikwenda wote. Hatukuweza kufika, barabara ya chini ilikuwa imegeuka mto. Tulisimama juu tukiwasaidia waliokuwa wanapanda na watoto na magodoro. Mama mmoja alinikabidhi cherehani bila kuniuliza mimi ni nani, akateremka tena kumfuata mama mkwe wake. Nikaishika cherehani ya watu ile mpaka mikono ikafa ganzi.

9 Aprili

Mtu mmoja hakupanda. Wamempata asubuhi.

Alikuwa fundi viatu, mwenye kibanda ukingoni chini ya daraja la tatu. Jirani anasema alimgongea mlango akimwambia maji yanakuja, naye akajibu kutoka ndani, "Bado, king'ora hakijalia." Alikuwa na kiatu cha mtu alichoahidi kukitoa jioni hiyo.

Nilikwenda na wenzangu kutoa pole. Mkewe yupo kwa dada yake, nyumba ya juu. Anaeleza jambo lile lile kwa kila anayeingia, taratibu, kana kwamba anaogopa litapotea. Anasema zamani, kabla hatujaweka king'ora, mume wake alikuwa akimaliza kiatu kimoja anachungulia mto, akimaliza kingine anachungulia. Tulipoweka king'ora akaacha kuchungulia. "Alisema sasa ana mtu wa kumtazamia mto," akatuambia. Kimya alilia mbele za watu.

10 Aprili

Tulikaa kikao saa tatu asubuhi. Mkuu alikuwa ameshalichunguza toleo la daraja la tatu. Visanduku vitatu kati ya kumi na kimoja ni vya aina ya zamani, na vina ukurasa wao kwenye mwongozo, wa ishirini na moja. Kwenye vile vipya kiendeshi cha king'ora huingia chenyewe. Kwenye vya zamani ni lazima mjenzi akiingize kwa mkono wake, na hakikuingizwa. Kitufe cha majaribio hakipiti kwenye programu, waya wake unakwenda moja kwa moja kwenye king'ora, ndiyo maana fundi wa nje alikisikia kikilia.

Mkuu alishika mwongozo wangu, akamgeukia Kimya.

"Kiendeshi cha king'ora. Ulikifunga?"

"Ndiyo, nilikifunga."

"Una hakika?"

"Nina hakika, bosi. Nilikifunga kama mwongozo unavyosema."

"Mbona basi hakimo?"

Kimya alitutazama mmoja mmoja. "Si nilikifunga?"

Mkuu akapiga meza. "Mtu amekufa, na wewe unatufanyia mzaha?"

"Sifanyi mzaha. Nilikifunga. Naapa nilikifunga."

Hapo nikaelewa.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi umeme. Nimekua nikimsikia akisema amekwenda kwa fulani kufunga taa, kwa fulani kufunga feni, kwa fulani kufunga mita. Nyumbani kwetu kufunga kitu ni kukiweka mahali pake na kukikaza ili kifanye kazi. Mtangulizi naye alianzia kwenye ufundi umeme, na aliandika kama mafundi wanavyosema. Kimya ametoka darasani moja kwa moja akaja kwenye kompyuta. Kwake kufunga ni kama kufunga mlango, kufunga duka, kufunga bomba. Kitu ukikifunga kimeacha kazi. Na juu ya mstari ule kuna mwingine, nauona hata bila kugeuza ukurasa: Lango la mawasiliano: fungua. Chini yake: Kiendeshi cha king'ora: funga. Akafungua kile cha juu, akafunga cha chini. Mbele ya kimoja aliandika ndiyo, mbele ya kingine akaandika hapana. Alitii neno kwa neno.

Wawili wale walikuwa wakigombana kwa neno moja, na mezani pale mimi peke yangu ndiye niliyelisikia pande zote mbili. Ilikuwa inatosha kusema, "Ngojeni kidogo." Nilitazama maji kwenye glasi yangu mpaka kikao kikaisha.

Kimya amesimamishwa kazi. Tarehe 21 kutakuwa na kikao cha hadhara na watu wa mtaa, na taarifa itasomwa kwamba vifo na hasara vimetokana na uzembe wa mjenzi wa toleo. Wameandika "vifo". Ni kifo kimoja. Nimeliona kosa hilo na sikulisema nalo.

11 Aprili

Nimefungua daftari la Mtangulizi. Aliandika hivi:

Funga kiendeshi cha king'ora, yaani kiingize ndani ya toleo. Bila hivyo king'ora hakitalia.

Mstari mwekundu unaanza kwenye "yaani" na kwenda mpaka mwisho. Pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri: maneno mengi.

Nimeyahesabu. Ni tisa.

12 Aprili

Sikusema.

13 Aprili

Mvua. Sikusema.

14 Aprili

Kimya alikuja kurudisha funguo na kuchukua kikombe chake. Ofisini nilikuwa mimi tu. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi, akazungumza kwa mara moja maneno mengi kuliko niliyomsikia mwaka mzima.

"Dada, ule mstari wa king'ora nilikuja kukuuliza. Ile siku. Niliuona haukai sawa. Halafu nikaona nakusumbua, nikaenda kufikiri mwenyewe. Nikadhani kwenye visanduku vya zamani king'ora kinajiendesha, na fundi alipobonyeza kitufe kikalia, nikasema basi, nilifikiri vizuri. Nilipaswa kurudi kuuliza. Ni uzembe wangu, wasinionee huruma."

Nikamuuliza mkewe anaendeleaje.

"Hatoki nje. Kuna mtu alimwambia kisimani, mume wako ndiye aliyezima king'ora."

Nikamwambia pole. Alishukuru. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni na nikatoa neno hilo moja, na tangu hapo sijapenda kusikia sauti yangu.

15 Aprili

Leo nimefanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nimelitafuta neno "funga" kwenye mwongozo mzima. Limo mara sita. Mara nne hakuna awezaye kulikosea. Mara ya tano ni ule wa king'ora. Ya sita iko mistari mitatu chini yake: Kiendeshi cha betri ya akiba: funga.

Walikuwa wameurekebisha mstari wa king'ora kwenye visanduku vile vitatu, wakaishia hapo. Kwa kuwa mkosaji alikuwa mtu, hakuna aliyelitafuta neno. Umeme ungekatika tu, na wakati wa mvua hukatika, visanduku vyote vitatu vingekufa, king'ora na kipimo pamoja.

Niliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nilimwonyesha ukurasa, nikamwonyesha daftari la Mtangulizi na wino wangu mwekundu. Alisoma mara mbili. Hakunifokea, ningependa angenifokea. Alikaa kwenye kompyuta ya Kimya, akajenga matoleo matatu kwa mkono wake, na kufika saa nane mchana fundi wa nje alikuwa ameshayapakia na kuzijaribu betri kwa kuchomoa umeme. Ziliwaka zote. Tulimsikiliza kwenye simu akitaja daraja moja moja.

Kisha Mkuu akarudisha mlango.

"Sasa nisikilize, dada yangu. Hatari imekwisha. Mwongozo urekebishe kimya kimya."

"Na Kimya?"

"Ni mhandisi. Alitakiwa kujua kwamba king'ora hakizimwi. Tukisema mtu alikosea, tunambadilisha mtu, mambo yanakwenda. Tukisema mwongozo ulikosea, watauliza nani aliutia saini. Watauliza miongozo yetu mingine yote. Watu watang'oa visanduku kwa mikono, na mvua bado ipo." Alijifuta uso. "Mimi sikutishi. Nakuomba ufikiri."

Nimefikiri. Kinachoniuma ni kwamba maneno yake mengine ni ya kweli.

16 Aprili

Nilikuwa nachezea chakula, Mama akaniondolea sahani.

"Sema."

Nikamwambia yote. Nilitegemea atanitetea, kwa kuwa hunitetea hata nisipokuwa na haki. Alikusanya vyombo kwanza.

"Huyo kijana ana mama?"

"Anaye."

"Basi wewe hujui huyo mama anavyoulizwa huko anakopita," akasema, akaanza kuosha vyombo. Alipomaliza akaongeza, bila kunigeukia, "Na baba yako asiingizwe kwenye maneno haya. Yeye alikuwa akifunga taa, anabaki mpaka ameiona inawaka."

17 Aprili

Mvua. Nimeandika barua ya kuacha kazi, nikaichana. Kuondoka bila kusema kungekuwa kukimbia tu.

19 Aprili

Mvua imepungua. Taarifa ya kikao imeletwa nihariri lugha. Nimekaa nayo saa mbili. Nimebadilisha "vifo" kuwa "kifo", basi.

21 Aprili

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule ya mtaa wa bondeni, ambako ukuta una alama ya matope mpaka usawa wa kifua. Mjane alikaa mstari wa mbele na dada yake. Kimya alikaa pembeni peke yake, shati limepigwa pasi. Mkewe alisimama nyuma, kajifunika kichwa.

Mkuu alianza kusoma taarifa. Alipofika kwenye "uzembe wa mjenzi wa toleo" sauti yake ilishuka, na akaniangalia. Sijui kama alikuwa ananizuia au ananiita. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

Nilisema mimi ndiye mwandishi wa mwongozo. Nilisema mjenzi alifanya kile nilichoandika. Niliwaeleza neno lenyewe, na sikuhitaji kueleza sana. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hata mimi ningezima." Fundi bomba aliyekaa karibu naye akambishia, "Utazima vipi? Kufunga si kuweka?" Wakaanza kubishana hapo hapo, ukumbi mzima, nusu huku nusu huku, na kwa dakika nzima niliisikia karakana yetu ikizungumza kwa midomo ya watu mia mbili. Kisha wakatambua wanabishania nini, wakanyamaza wenyewe.

Nikawaambia pia kwamba nimelijua hili tangu tarehe 10, na nilinyamaza. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mjane aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Uliyakata maneno mangapi?"

"Tisa."

"Yaseme."

Niliyasema. Yaani kiingize ndani ya toleo, bila hivyo king'ora hakitalia. Mawili ya mwisho niliyarudia.

Alitikisa kichwa polepole. "Hayo mbona hata mume wangu angeyaelewa," akasema. "Hakufika darasa la tano." Hakulia. Dada yake ndiye aliyelia.

Mkuu aliikunja taarifa, akasema saini iliyo kwenye mwongozo ni yake, na kwamba mhandisi wake amebebeshwa kosa ambalo si lake, na yeye anamwomba radhi mhandisi. Namheshimu kwa hilo. Kulikuwa na kelele nyingi baada ya hapo, na watu walikuwa na haki ya kuzipiga.

Nje, nilimfuata Kimya. Nadhani nilitegemea anishukuru. Naliandika hili ili nisisahau nilivyo.

"Siku kumi na moja, dada," akasema. "Kosa la neno nakusamehe, hata mimi nilipaswa kuuliza tena. Lakini nilisimama mlangoni kwako na kikombe, nikajishitaki mwenyewe, na wewe ukaniambia pole."

Mkewe alikuja akamshika mkono, wakapanda mlima.

24 Aprili

Kimya amerudi kazini. Mimi nimeondolewa kwenye miongozo. Naweka kumbukumbu kwenye makabati. Mkuu naye ameandikiwa barua na wakubwa wake, hajui atabaki au la. Kimya hanisalimii. Anaacha maswali yake mezani kwangu kwa maandishi, kwa sababu madaftari ya Mtangulizi nayajua mimi tu, nami namjibu kwa maandishi. Leo aliuliza mambo saba. Nilimjibu kurasa nne.

3 Mei

Mvua ya asubuhi tu. Mtaa wa bondeni wamekubali visanduku vibaki, kwa sharti kwamba king'ora kijaribiwe kwa kumwagia kipimo maji, wao wenyewe wakiwepo, na si kwa kubonyeza kitufe. Fundi wa nje anasema wanakuja na ndoo zao.

11 Mei

Jua. Mama ametoa sufuria sebuleni.

19 Mei

Watu wa mtaa waliomba tangazo la ukutani, la kuwaeleza nini cha kufanya king'ora kisipolia. Mkuu aliniuliza kama naweza kuliandika, na kama naweza kulipeleka mwenyewe. Nilisema ndiyo, halafu nikakaa siku tatu bila kugusa kalamu.

Nililipeleka leo mchana. Mjane amerudi nyumbani kwake. Alikuwa mlangoni anaanika viatu vya watu, jozi moja moja, vilivyookolewa kwenye kibanda. Wenyewe wanakuja kuvichukua. Aliniona, akaendelea na kazi mpaka jozi ya mwisho. Kisha akapokea karatasi, akaisoma yote, kidole kikifuata mstari.

Usingoje king'ora. Maji yakifika ngazi ya tatu ya daraja, ondoka, hata kama hakuna kinacholia. Mwite jirani yako. Akikuambia king'ora hakijalia, mwambie kinaweza kuharibika, na mtoe.

Aliisoma mara ya pili.

"Umeandika wewe?"

"Mimi, mama."

"Hapa hakuna jina."

Nikamweleza kwamba matangazo na miongozo yetu haiandikwi jina la mtu. Huwa inaandikwa jina la karakana.

"Karakana nitaipata wapi mimi?" akasema. "Andika jina lako hapo chini. Nikiwa na swali nijue namwita nani."

Alinishikia karatasi ukutani kwa viganja viwili ili isiteleze. Niliandika jina langu, na la baba yangu, na mtaa ninaoishi, na namba ya simu ninayopokea mwenyewe. Akayasoma kwa sauti kuhakikisha, akaniuliza kama herufi moja ni "u" au "n". Niliirekebisha. Halafu akaenda kutafuta nyundo.